Nimejaribu huduma ya kuwapangia watu fanicha za nyumbani kwa simu kwa miezi mitano. Picha nzuri zinapatikana, kazi iko kwa fundi

Mchora Ramani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, hapa Dar. Kwa miaka kadhaa ndugu, majirani na watu niliosoma nao wamekuwa wakinitumia picha za sebule tupu WhatsApp. "Kaka, kochi likae upande gani?" "TV nigonge ukuta upi?" "Kabati la futi sita hapa linaingia?" Nilikuwa najibu bure, usiku, nimeshajifunika shuka. Siku moja nikahesabu meseji za mwezi mzima nikaona hapa pana kazi. Nikamtafuta rafiki yangu anayeandika programu, tukakaa.

Wazo la kwanza lilikuwa jepesi. Mteja anapiga picha ya chumba, anachagua mtindo anaoupenda, akili bandia inamrudishia chumba kilekile kikiwa kimepambwa. Akipenda, analipia. Programu za kuchora picha kutokana na maneno zimezagaa tangu 2022, kwa hiyo tuliisimamisha ndani ya wiki tatu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja, amejenga Kinyerezi. Programu ikamrudishia sebule ya kutisha kwa uzuri: kochi jeupe, sakafu ya mbao, zulia la manyoya, dirisha kubwa la kioo na nje yake miti ya nchi za baridi. Akaniandikia: "Mdogo wangu, nondo zangu za dirishani umezipeleka wapi? Na friji?"

Friji yake ilikuwa sebuleni, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi tu. Programu imeifuta, ikaweka ua.

Chumba cha kulala ndiyo kabisa. Palipokuwa na pangaboi pakaning'inizwa taa ya vioo. Chandarua hakuna. Mwezi ule tulitengeneza picha zaidi ya mia, na chandarua kilitokea mara moja, tena kile cha kitanda cha hoteli ya ufukweni. Ndoo za maji hakuna, mtungi wa gesi hakuna, pasi hakuna. Programu imejifunzia kwenye picha za nyumba za watu wengine, basi inapamba nyumba za watu hao.

Tukairekebisha. Kuna njia iliyokuja 2023 ya kuifunga programu ifuate mistari ya kuta, milango na madirisha isiyaguse. Nondo zikarudi. Wateja wakafurahi, wakazipeleka picha kwa mafundi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miezi yote ile nilikuwa natatua kitu ambacho hakikuwa kinamuuma mtu.

Dada mmoja wa Goba alipeleka picha yetu ya kochi la L kwa fundi. Fundi akaitazama, akasema "sawa, nimekuelewa". Baada ya wiki tatu kochi likaja, zuri kweli, la kipande kimoja. Mlango wa sebule sentimita 80, na ukishaingia tu kuna kona ya korido. Kochi lilikaa kibarazani siku tatu, kuku wakapanda juu, mpaka likakatwa na kuungwa upya. Na mimi ndiye niliyechora, sikuuliza mlango una upana gani.

Naendelea chini, nisiweke gazeti zima kwa mara moja.

Bw. Bando

Siti ya mbele hapa, karanga mkononi. Hao kuku walichora mtindo gani?

Mama Wawili

Mleta uzi usicheke, yamenikuta. Kwangu lilikuwa kabati la vyombo. Fundi alitoa mlango na fremu yake ndipo likaingia. Tukihama sijui.

Swali langu: mtu anaweza kuperuzi picha mtandaoni bure akamwonyesha fundi. Akulipe wewe kwa lipi?

Mchora Ramani

Mama Wawili, hilo ndilo lilinikalisha chini. Picha hawezi kunilipa kwa sababu picha ni za bure. Nikaanza kuuliza watu kitu kingine: ni kitu gani kiliharibika mara ya mwisho uliponunua fanicha? Majibu karibu yote yalikuwa ya aina tatu. Hakikuingia. Kiliingia lakini hatupiti. Sicho nilichoagiza. Hakuna aliyeniambia "rangi haikuendana na mtindo wangu".

Kwa hiyo tukaizima programu, tukarudi WhatsApp kwa mikono. Mteja anadhani anaongea na mfumo, kumbe ni mimi na daftari. Nawashauri wote wanaotaka kuanzisha huduma yoyote wafanye hivi kwanza, mtaokoa pesa nyingi za watu wa programu (rafiki yangu anasoma hapa, anisamehe).

Cha kwanza kilikuwa vipimo. Mwanzoni nilikuwa nasema "pima ukuta unitumie". Mmoja akanitumia ukuta wa sebule wa sentimita 118. Nikashangaa, sebule gani hiyo, ya sungura? Kumbe alisoma upande wa inchi. Inchi 118 ni mita tatu kasoro kidogo tu, chumba cha kawaida kabisa. Wengine hawana futi ya kupimia ndani ya nyumba. Wengine wanapima kwa hatua.

Tulichogundua ni vigae. Nyumba nyingi za sasa sakafu ni vigae, na vigae viko vya saizi chache: 30 kwa 30, 40 kwa 40, 60 kwa 60. Nikamwambia mteja apime kigae kimoja tu, kisha ahesabu vingapi kutoka ukuta hadi ukuta. Vya 40 vikiwa saba na nusu, ukuta ni mita tatu, ukiongeza milimita chache za saruji ya katikati. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Na akitaka kujua kabati la sentimita 60 linafika wapi, anasimama juu ya kigae chake anaona.

Pasipo vigae tunatumia karatasi ya A4. Bandika ukutani, piga picha kwa kusimama mbele yake moja kwa moja. A4 ni milimita 210 kwa 297 popote duniani. Hapo unapata kipimo cha kukadiria, na faida nyingine: karatasi ni nyeupe, kwa hiyo naona simu imedanganya rangi ya ukuta kiasi gani.

Kijana wa Msimbo

Mkuu, simu za Apple za Pro tangu 2020 zina kihisi cha kupima umbali kwa mwanga, na 2022 wametoa RoomPlan, unazunguka chumba inakutolea ramani yenyewe. Kwa nini vigae?

Mchora Ramani

Naijua, nimeitumia, ni tamu. Katika wateja wangu wa majaribio mwenye simu hiyo alikuwa mmoja, na yeye tayari ana mbunifu. Wengine wana simu za kawaida na bando la siku. Vigae wanavyo wote.

FundiKeko

Naomba niingie hapa. Mimi seremala, nipo Keko, mwaka wa kumi na tisa huu. Nyie watu wa picha mnatuonea sana.

Mteja anakuja na kochi kwenye simu, limepigwa kwa mbele tu. Nyuma likoje sijui. Kina chake sijui. Anataka bei palepale amesimama. Nikisema "niachie nipige hesabu" anahamia kwa jirani. Basi na mimi nasema nimekuelewa, kama huyo mwenzangu wa Goba. Ningefanyaje?

Halafu hiyo L. Mteja anasema L ya kulia. Kulia ukiwa umekaa, au kulia ukiwa umesimama unalitazama? Nimeshatengeneza mbili za kinyume, zote nikala hasara mimi.

Mchora Ramani

FundiKeko, karibu sana, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri.

Baada ya balaa la Goba nilibuni kitu nakiita karatasi ya fundi. Ukurasa mmoja kwa kila kitu kinachotengenezwa. Umbo kwa mbele, kwa upande na kwa juu. Vipimo kwa inchi na sentimita pamoja, kwa sababu mteja anafikiri kwa kimoja na fundi kwa kingine. L naichora ndani ya chumba, mlango umeonyeshwa, nimeandika "mkono mrefu uko upande wa dirisha", siandiki kulia wala kushoto. Chini kabisa kuna mstari unaosema njia ya kuingilia: mlango mwembamba kuliko yote una sentimita ngapi, kuna kona au ngazi, kochi lije vipande vingapi.

Mteja anapata vitu vitatu: ramani ya chumba yenye vitu vyake vyote (hata mtungi), karatasi za fundi, na orodha ya nini anunue kwanza. Picha ya kupendeza inakuja mwisho kama nyongeza. Ile ramani ndiyo wanayoiprinti.

FundiKeko

Andika na kimo cha kukalia. Inchi 18 kutoka chini ndiyo ya watu wengi, lakini bibi mwenye magoti hawezi kuinuka hapo, anataka zaidi. Na sponji, usiandike "nzuri". Andika unene, na ngumu au laini. Kila mtu nzuri yake.

Mbao pia. Mteja anasema mninga, mfukoni ana hela ya paini. Paini ya Iringa si mbaya kwa fremu ya kochi, mradi imekauka. Mbichi itapinda miezi miwili na lawama zinakuja kwangu.

Mchora Ramani

Vyote vinaingia. Nitakutafuta inboksi.

Mpwani wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mada yanikumbusha nyumba za mawe za Lamu. Wazee wetu vyumba vyao ni vyembamba na virefu, na watu huja wakasema ni mtindo. Si mtindo, ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, basi upana wa chumba haukuweza kupita hapo, mita tatu hivi kwa kukadiria. Ule ufundi wote wa zidaka, vishubaka vya ukutani, ulikuja ndani ya huo mpaka. Vyombo vya kaure vikawekwa ndani ya ukuta, chumba kisipunguke.

Nami nauliza, mbona hamuwapendekezei watu zidaka badala ya makabati? Kwa chumba cha futi kumi ni nafasi kubwa hiyo.

Mchora Ramani

Ndugu yangu, nililifikiria hilo kwa hamu. Ukuta wa Lamu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi cha kuchimbwa kidaka na bado ukabaki ukuta. Hizi zetu ni tofali za inchi 6, nyingine inchi 5. Ukichimba kidaka cha kuweka sahani unamsalimia jirani. Kwa anayejenga kutoka msingi tunaweza kuipanga mapema, na wawili wameikubali kwenye ukuta wa TV. Kwa mpangaji, mwenye nyumba hataki hata msumari.

Na huyo mpangaji ndiye wateja wengi. Maswali yetu ya mwanzo sasa hivi ni haya, hakuna hata moja la mtindo: Umepanga au ni kwako? Ukipanga, unafikiri kuhama lini? Nani analala wapi usiku wa kawaida? Mgeni wa kijijini akija analala wapi? Kuna anayeswalia ndani, na anatandika wapi? Maji yakikatika ndoo zinakaa wapi? Mtoto anatambaa? Chandarua kinafungwa kwenye nini?

Hilo la mgeni ndilo lililobadilisha michoro mingi kuliko yote. Mtu anataka meza kubwa ya kioo katikati ya sebule, halafu unagundua kwamba mara nne kwa mwaka pale katikati panatandikwa godoro la shangazi. Tunampa stuli mbili za kuvuta pembeni.

Nipo Muscat

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, nimemjengea mama nyumba Tanga, imeisha dari na vigae. Ndugu yangu ananitumia video, kila chumba nakiona kikubwa, sijui kipi kweli. Nataka nipange kila kitu kutoka huku nitume hela kwa awamu. Mnaweza?

Mchora Ramani

Waalaykum salaam. Wateja wa aina yako ninao wawili na ndio wanaolipa bila kuomba punguzo, Mungu awabariki. Vyumba vinaonekana vikubwa kwa sababu kamera ya simu inavuta pembe pana, tena chumba ni kitupu. Mwambie ndugu yako ahesabu vigae.

Lakini nina sharti moja: nitaongea na mama. Kwa mteja wangu mwingine wa nje nilipanga jiko zima kutoka kwa mtoto, makabati ya juu mpaka darini, yanang'aa. Mama akayafungua mara moja tu, hayafikii. Anapikia uani kwa mkaa na kiti cha mbuzi kiko chini ya mwembe. Anayelipa yuko mbali, anayekaa hakuulizwa. Siku hizi fomu yetu ina sehemu mbili, ya mlipaji na ya mkaaji, na zikigongana nawaita wote kwenye simu moja.

Awamu tunafanya hivi: vya kulalia kwanza, mapazia ya pili, sebule ya mwisho baada ya mama kukaa mwezi mzima. Tanga ni pwani, kwa hiyo makabati ya mbao za kubandika msiyagusishe ukuta wala sakafu yenye maji, yanavimba. Acha sentimita tano nyuma.

Mama Wawili

Mimi picha ya chumba changu cha kulala simtumii mtu. Naona aibu na naogopa. Leo kwako, kesho iko kwenye status ya mtu.

Mchora Ramani

Una haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023, na picha ya ndani ya nyumba yako ikiwa na jina na namba yako tunaihesabu ni taarifa binafsi. Sisi tunafuta picha mteja akishapokea karatasi zake. Pia, ukituma picha kama faili badala ya picha ya kawaida WhatsApp, inaweza kubeba mahali ilipopigwa, wengi hawajui. Lakini kwako njia rahisi ni kutotuma kabisa. Chumba cha kulala nakipanga kwa idadi ya vigae na mchoro wa kalamu. Nimeshafanya vingi hivyo.

Kijana wa Msimbo

Tuje kwenye hela. Unatoza ngapi na unatumia saa ngapi? Maana kule Marekani kampuni za kazi hii zimekufa kama kuku wa mdondo.

Mchora Ramani

Hapa ndipo nilipokwama na ndiyo sababu ya uzi. Natoza elfu 30 kwa chumba. Chumba kimoja kinanila saa nne. Ukitoa bando na kuprinti, fundi saidia wa zege ananizidi.

Wa Marekani nimewasoma. Laurel & Wolf na Homepolish zilifunga 2019. Modsy, iliyokuwa maarufu kwa picha zake za 3D, ikasitisha huduma yake ya ubunifu ghafla 2022. Havenly, iliyoanza 2014, ni mojawapo ya zilizobaki, ikaanza kununua kampuni za fanicha. Ninavyoona mimi, ada ya ubunifu peke yake hailipi saa za mbunifu, kwa hiyo unategemea mteja anunue kochi kupitia kwako. IKEA, kampuni kubwa ya fanicha, haina shida hiyo: 2020 ilinunua kampuni ya teknolojia ya Geomagical Labs, 2022 ikatoa IKEA Kreativ, mteja anafuta kochi lake la zamani kwenye picha anaweka la IKEA. Bure. Wao wanauza kochi.

Mimi siuzi kochi. Huku kochi halina namba ya katalogi, linatengenezwa Keko au Buguruni baada ya mteja kutoa nusu ya hela. Watu wananishauri nichukue asilimia kumi kwa fundi. Nikichukua, nitampeleka mteja kwa fundi mzuri au kwa fundi anayenipa? Najijua.

FundiKeko

Na hiyo kumi ataitoa mteja, usidhani ni mimi. Nitapunguza sponji.

Bw. Bando

Angalau mkweli!

FundiKeko

Ila nikupe wazo. Niuzie mimi hiyo karatasi. Mteja anakuja kwangu na picha, namwambia hesabu vigae, nakutumia wewe, unanirudishia karatasi kesho yake. Nakulipa elfu 10 kwa kila kitu kimoja. Kwa mwaka nakula hasara ya makochi mawili au matatu ya kurudia, kwa hiyo napata. Na mteja akiona karatasi yenye vipimo na sahihi yake chini, haniambii tena "sivyo tulivyoongea".

Kijana wa Msimbo

Hii komenti ipandishwe juu. Mkuu, mteja wako ni fundi, na karatasi zinafanana, kochi ni kochi. Umbo la kabati ukishaliandika mara moja programu inabadilisha vipimo tu. Saa nne zinakuwa dakika ishirini.

Mchora Ramani

Nimesoma hapa mara tatu. FundiKeko, tujaribu wiki hii. Una oda gani mkononi?

FundiKeko

Kabati la nguo, milango mitatu, mteja wa Sinza amepanga. Anataka ligonge dari. Dari yake ya jipsamu imeshuka, amepima sentimita 245. Kina 60.

Mchora Ramani (siku mbili baadaye)

Wakuu, mrejesho. Nilichora kabati la kimo cha sentimita 240, nikaacha tano za hewa, nikatuma. FundiKeko akanipigia simu saa mbili usiku akaniuliza, "Linasimamaje?" Sikumwelewa. Akasema kabati linaingia likiwa limelala, kisha linainuliwa, na likiwa katikati ya kuinuka kona yake inapita juu kuliko kimo chake. Nikapiga hesabu: 240 na 60, mlalo unatoka 247. Dari 245. Lingezidi dari kwa sentimita mbili na kukwama kabla ya kusimama, na jipsamu ya mwenye nyumba ingetoboka.

Nimeongeza mstari kwenye karatasi: "kimo cha kuinulia". Karatasi mpya inasema aidha lije na kichwa cha kutenganishwa, au lisizidi 235.

Mkuu FundiKeko, hujakata mbao bado, si ndiyo?

FundiKeko

Za pembeni nilishakata asubuhi. Kwa 235.